LADHA YA NYUMBA
Kwa nini bia za kiwanda kimoja hujulikana kuwa ni ndugu

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya jambo ambalo watu wengi wameliona, lakini wachache wameuliza sababu yake. Mtu aliyezoea bia za kiwanda kimoja huweza kufumba macho, akapewa vikombe vitatu, kimoja cha bia nyeusi, kimoja cha bia ya rangi ya dhahabu, na cha tatu cha bia kali, akaonja, akasema, "Hizi zote zimetoka nyumba moja." Rangi zake ni mbalimbali, nguvu zake si sawa, wala nafaka zake hazikukaushwa namna moja, walakini ndani yake mna kitu kimoja. Ni kama watoto wa mama mmoja: huyu mrefu, yule mfupi, huyu mweusi, yule maji ya kunde, lakini wote wamechukua paji la uso la bibi yao. Wenye kazi hiyo huko Ulaya hukiita kitu hicho ladha ya nyumba. Je, hutoka wapi? Hukaa wapi? Na tena, huweza kufa?

Kabla hatujaendelea, yafaa tuseme neno moja. Twajua kwamba miongoni mwa watusikilizao wako wengi wasiokunywa pombe, ama kwa dini ama kwa hiari yao. Hatukuja kumshawishi mtu anywe. Twazungumza juu ya kazi ya mikono na elimu iliyomo ndani yake, na elimu hiyo yamfaa hata agandishaye maziwa na aumuaye mkate.

Kwanza na tukumbushane jinsi bia itengenezwavyo. Shayiri hulowekwa majini, huachwa ichipue, kisha hukaushwa kwa moto. Hicho ndicho kimea. Kimea huvunjwavunjwa, kikatiwa katika maji ya moto, utamu wake ukatoka, na maji yakawa matamu mfano wa togwa. Maji hayo huchujwa, huchemshwa pamoja na maua makavu ya mmea utambaao uitwao hopsi, nayo huyapa uchungu na harufu njema. Yakisha kupoa hutiwa hamira. Hapo hapo kazi kubwa huanza: maji hutoa mapovu, povu jeupe hupanda, na baada ya siku chache utamu umegeuka kuwa kileo. Basi mtu atafutaye ladha ya nyumba na aitafute mahali pane: katika hamira, katika maji, katika vyombo, na katika mkono wa mpikaji.

Tuanze na hamira, maana yenyewe ndiyo yenye sehemu kubwa. Zamani watu walidhani hamira ni takataka ya povu tu. Mwaka 1876 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alitoa kitabu kizima juu ya bia, akaeleza kwamba hamira ni viumbe hai, vidogo hata jicho tupu haliwezi kukiona kimoja kimoja, na kwamba viumbe vingine vidogo vikiingia mahali pake bia huharibika. Hamira hula utamu na kuzaana. Mpikaji akitia kibaba kimoja, atavuna vibaba kadhaa. Sehemu huiweka kwa kazi ya juma lijalo, na iliyobaki huiuza au huitupa. Kwa hiyo hamira ya leo ni mjukuu wa hamira ya mwaka jana, nayo haikutoka katika ukoo wake.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Hamira haitoi kileo peke yake. Inapokula utamu hutoa pia harufu nyingi, na kila ukoo wa hamira una harufu zake. Huko Bavaria, kusini mwa Ujerumani, hupikwa bia ya ngano. Mtu akiinusa hupata harufu ya ndizi mbivu na harufu ya karafuu, hata msikilizaji wetu wa Unguja angeitambua mara moja. Lakini ndani yake hamkutiwa ndizi hata moja, wala punje ya karafuu. Harufu zote mbili zimetoka kwa hamira. Hamira nyingine hutoa harufu ya tufaha, nyingine huacha ladha kidogo kama ya siagi, na nyingine haionyeshi neno, ikaacha shayiri na hopsi ziseme zenyewe. Basi kiwanda kitumiapo hamira moja katika bia zake zote, nyeusi na nyeupe, huwa kimetia sahihi ile ile chini ya barua zote.

Hamira hizi zimefugwa kama ng'ombe wanavyofugwa. Mwaka 2016 wataalamu wa Ubelgiji, pamoja na wenzao wa Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa hamira 157 za bia, mvinyo, mkate na kazi nyingine. Waliona kwamba hamira za bia ni koo zilizojitenga, na kwamba nyingi katika hizo zimepoteza uwezo wa kutoa ile harufu ya karafuu. Sababu yake yafahamika: wapikaji wa vizazi vingi waliikataa harufu hiyo, wakaiweka akiba hamira isiyokuwa nayo, kama mfugaji achaguavyo mbegu ya dume. Lakini za bia ya ngano ya Ujerumani zimeuhifadhi uwezo huo, kwa kuwa kule harufu ya karafuu ndiyo itakiwayo. Mpikaji hakujua siri ya uzazi wa viumbe hivi; alichagua kwa ulimi na pua tu, na uchaguzi wake ukaandikwa ndani ya kiumbe.

Hapa yatupasa kuutaja mji wa Copenhagen, katika nchi ya Denmark. Mwaka 1847 J. C. Jacobsen alianzisha huko kiwanda cha Carlsberg. Miaka miwili kabla yake, yaani 1845, alikuwa ameleta hamira kutoka mji wa Munich, safari ndefu ya gari la farasi, na yasimuliwa kwamba kila kituo alishuka akaimwagia chombo chake maji baridi hamira isife kwa joto. Mwaka 1875 kiwanda kilijenga nyumba ya uchunguzi. Ndani yake Emil Christian Hansen aligundua kwamba hamira iliyodhaniwa kuwa moja ilikuwa mchanganyiko: ndani ya ukoo mwema walikuwamo wageni, na wageni hao ndio waliokuwa wakiharibu bia. Alifanya kazi ya subira kubwa, akatenga kiumbe kimoja, akakilisha mpaka kikawa kundi la kutosha kiwanda kizima. Na mwaka 1883 hamira hiyo safi ilianza kutumiwa. Jacobsen hakuificha, aliwagawia hata wapikaji wengine.

Huenda mtu akauliza: ikiwa hamira moja yaweza kugawiwa viwanda vingi, je, bia zote hazitafanana? Swali hilo ni zuri, na jawabu lake ni hili: mbegu moja ikipandwa katika mashamba mawili haileti mavuno mamoja. Katika mji wa Lewes, kusini mwa Uingereza, kiko kiwanda kiitwacho Harvey's. Mwaka 1957 kilipokea hamira kutoka kiwanda cha John Smith's cha mji wa Tadcaster, kaskazini ya nchi ile, na tangu mwaka huo wamekuwa wakiitumia, wakivuna na kutia tena. Leo hakuna mnywaji wa Lewes aiitaye ladha ile ladha ya Tadcaster. Mgeni ameoa, amejenga, amekuwa mwenyeji. Ni nini kilichombadili? Hayo ndiyo mambo matatu yaliyobaki.

La pili, basi, ni maji. Bia ni maji zaidi ya kitu kingine chochote. Katika mji wa Burton upon Trent, Uingereza, maji ya visima hupita katika miamba yenye jasi, nayo huifanya ladha ya hopsi iwe kavu na kali, ikauacha ulimi safi. Kwa ajili hiyo mji ule mdogo ulipata sifa katika karne ya 19 kwa bia zake nyeupe chungu, na wapikaji wa miji mingine walianza kutia jasi katika maji yao ili waige. Kinyume chake ni mji wa Plzeň katika nchi ya Ucheki, ambao maji yake ni laini sana. Huko mwaka 1842 mpikaji Josef Groll alipika bia ya dhahabu, ambayo baadaye iliigwa ulimwenguni pote, na uchungu wake ni mpole. Siku hizi kiwanda chaweza kusafisha maji na kuyatia chumvi kikipenda; walakini kila nyumba huchagua kipimo chake, na kipimo hicho hupita katika bia zake zote.

La tatu ni vyombo. Watu hudhani kwamba chombo hupokea tu. Kumbe chombo nacho hufundisha. Katika mji ule ule wa Tadcaster, kiwanda cha Samuel Smith's huchota maji katika kisima kilichochimbwa mwaka 1758, chenye kina cha futi 85, na huichachusha bia katika mabirika ya mraba yaliyojengwa kwa mabamba ya mawe. Juu ya birika liko sakafu lenye tundu katikati. Povu la hamira hupanda tunduni, likatua juu ya sakafu, na bia hurudi chini. Hamira ya huko hupenda kushikamana na kutulia, hata hulazimu bia ipigwe pampu na kumwagwa juu yake ili iamke. Hamira isiyoweza kuishi katika desturi hiyo haivunwi, na isiyovunwa haina mjukuu. Hivyo, miaka ikipita, chombo huchagua hamira, na hamira huchagua ladha.

Huko Burton walikuwa na namna yao nyingine, iliyopewa hati ya ugunduzi mwaka 1838: mapipa ya mbao yaliyopangwa safu, kila pipa na bomba lililopinda kama shingo ya batamaji. Bia ikichemka kwa nguvu ya hamira, povu hupanda katika shingo hizo, likaangukia horini juu. Bia ilikuwa ikirudi mapipani, na hamira safi ikibaki horini, tayari kwa kazi ya pili. Zamani viwanda vingi vya mji ule vilikuwa na mapipa hayo.

Hata jengo lenyewe laweza kuwa chombo. Katika mji wa Brussels, Ubelgiji, nyumba ya Cantillon, iliyoanzishwa mwaka 1900, haitii hamira katika bia yake ya asili. Wakati wa baridi humwaga maji matamu ya moto katika sinia pana la shaba lililo chini ya paa, wakayaacha usiku kucha yapoe, na viumbe vilivyomo hewani huingia. Asubuhi hutiwa katika mapipa ya zamani, ambayo mbao zake zimejaa viumbe vya miaka mingi, yakakaa mwaka, miwili, hata mitatu. Wapikaji wa namna hiyo huogopa kuigusa nyumba yao ovyo, hata utando wa buibui huuacha, maana buibui hula wadudu na haiharibu kazi. Kwao ladha ya nyumba si methali, ni nyumba kweli.

La nne ni mkono wa mpikaji. Hamira ile ile ikifanya kazi penye joto hutoa harufu nyingi za matunda. Penye baridi hunyamaza. Ikitiwa kidogo itasema hivi, ikitiwa kwa wingi itasema vile. Bia ikiondolewa mapema kwenye hamira hubaki na ile ladha ya siagi. Ikiachwa siku mbili zaidi hamira huirudia na kuimaliza. Na kila nyumba ina kimea chake ipendacho, na hopsi zake ipendazo. Mambo haya si siri kubwa. Ni desturi, na desturi ikifuatwa katika kila bia ya nyumba huwa alama.

Basi sasa tumefika penye ugumu. Ikiwa ladha ya nyumba hukaa katika viumbe hai, katika mbao na mabomba, yawezekana pia kwamba ladha hiyo ni uchafu tu. Nayo hutokea mara nyingi. Kiwanda kidogo huanza kazi. Baada ya miezi michache bia zake zote hufanana, na mwenye nyumba hufurahi akidhani amepata ladha yake. Kumbe ndani ya mpira mmoja wa kupitishia bia, au nyuma ya valvu isiyofunguliwa ikasafishwa, vimekaa vijidudu viletavyo ukali wa siki. Bia zake ni ndugu, ndiyo, lakini ni ndugu katika ugonjwa.

Tutajuaje tofauti? Si kwa ladha peke yake. Mwaka 1904 Claussen, mtaalamu wa Carlsberg, alitangaza kwamba ile ladha maarufu ya bia za Uingereza zilizowekwa akiba muda mrefu ilitoka katika hamira ya aina nyingine, akaiita Brettanomyces, yaani kuvu wa Kiingereza. Wapikaji wengi na watengenezaji wa mvinyo huiogopa hamira hiyo, kwa kuwa hutoa harufu kama ya ngozi na ya zizi la farasi. Lakini watawa wa Orval, Ubelgiji, huitia kwa makusudi wanapoijaza bia yao katika chupa, na bia hiyo yaheshimiwa sana. Kiumbe ni kile kile. Tofauti ni kwamba Orval wanajua wametia nini, lini, na kwa sababu gani, na mwaka ujao wataweza kufanya vivyo hivyo. Mwenye mpira mchafu hajui lolote. Leo bia yake ina ukali kidogo, mwezi ujao itamwagwa. Kwa hiyo twasema: ladha ya nyumba ni ile itunzwayo, ile ijiingizayo bila kujulikana ni maradhi.

Lakini kosa la upande wa pili lipo nalo. Mtu akiwa na bidii ya usafi na hesabu peke yake, aweza kuosha mpaka akaiosha na ladha. Viwanda vikubwa vingi siku hizi huanza upya na hamira safi ya nyumba ya uchunguzi baada ya vizazi vichache, na jambo hilo lina faida: bia haibadiliki na mnywaji hadanganywi. Walakini vyombo vya zamani vikiondolewa, kitu huondoka pamoja navyo. Yale mapipa ya Burton tuliyoyaeleza yaliachwa na kiwanda kimoja baada ya kingine, kwa kuwa yalihitaji maseremala, nafasi na fedha nyingi. Kiwanda cha Marston's ndicho kilichobaki nayo peke yake, nacho kiliacha kuyatumia mwaka 2024, kwa kuwa wanywaji wa bia ya namna ile walikuwa wamepungua. Hata hivyo fungu moja la mapipa hayo halikuvunjwa; lilipelekwa mwaka ule ule katika kiwanda cha Thornbridge, huko Bakewell, likaanza kazi tena. Chombo kimepona, lakini kimeingia nyumba nyingine, penye hamira nyingine na mikono mingine. Kitazaa ladha nzuri, twaamini, ila haitakuwa ile ya Burton.

Yako mambo ya kutia moyo pia. Kiwanda cha Truman's cha London kilifungwa mwaka 1989. Lakini mwaka 1958 wenyewe walikuwa wameweka amana ya hamira yao katika hazina ya hamira ya Uingereza, ambayo siku hizi iko Norwich, ambako hamira hulala katika baridi kali bila kufa. Watu walipolifufua jina la Truman's, waliiendea amana hiyo, na mwaka 2013 walifungua kiwanda wakiipika bia kwa hamira ya wazee. Aliyeweka akiba mwaka 1958 hakujua ya kwamba nyumba itaanguka. Alifanya tu lipasalo kufanywa na mtunzaji.

Wasikilizaji, mambo haya si ya Ulaya peke yake. Katika vijiji vingi vya Afrika pombe ya leo huanzishwa kwa mabaki ya pombe ya jana, na chombo hakikwanguliwi mpaka kikawa kitupu cha viumbe. Huko Kilimanjaro mbege hupikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na gome la msesewe huipa uchungu, kama hopsi zifanyavyo huko Ulaya. Wapishi wawili wa mtaa mmoja hutumia vitu vile vile, na mzee ajuaye huonja akasema, "Hii ya kwa fulani." Hiyo ndiyo ladha ya nyumba. Na katika nchi ya Wakalenjin, Kenya, maziwa ya mursik hutiwa katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa miti maalum. Kibuyu hicho na mkaa huo ndivyo viyapavyo maziwa ladha yake.

Kwa hiyo twawaachia wanafunzi kazi ndogo, isiyo na kileo. Chukueni maziwa ya ng'ombe mmoja, myachemshe, myaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Yagawanyeni katika bakuli mbili safi zilizo sawa. Katika ya kwanza tieni kijiko cha maziwa ya mgando ya nyumba moja, na katika ya pili kijiko cha mgando wa nyumba nyingine. Zifunikeni, ziwekeni pamoja mpaka kesho, kisha onjeni. Siku ya tatu chukueni kijiko katika kila bakuli mkaanze upya kwa maziwa mapya, na vivyo hivyo siku ya nne, mkiandika kila mara mlichoonja. Mtaona kama kila ukoo umeshika tabia yake au kama zimeanza kufanana, nanyi mtakuwa mnafanya kazi ya Hansen kwa vyombo vya jikoni.

Na siku ile bibi atakapokataa kibuyu chake kisioshwe kwa sabuni, msimcheke. Mwulizeni kwanza hukitunzaje, hukisugua kwa nini, na mara ngapi. Akiwa na majibu, basi ndani ya kibuyu kile mna kitu kilichotunzwa miaka mingi, na anayepaswa kujifunza kukitunza baada yake ni ninyi. Kwaherini.